Adoch Awe Chini Kabisa

Mwaka umetimia, Odyek, tangu moyo wako usimame ghafla na nyumba ya Nsambya ikose mtu wa kuimba bafuni. Tulitaka kukuandikia tangazo hili la kumbukumbu kwa utulivu, lakini wapi! Mkeo Adoch amewaka.

Ulikuwa mpole. Hukupita soko la Kalerwe bila kumnunulia mama yako ndizi, na watoto wa kambi ya polisi walijua mfuko wako haukosi peremende. Watu walikucheka, mtu wa Kampala kusomea bahari, nawe ukacheka nao. Kisha uliwaeleza taratibu: kila kilicho hai kina kaboni ya aina fulani, na kikifa inapungua kidogo kidogo, ndiyo maana matope ya baharini yenye mabaki ya viumbe hupimwa umri. Ukikuta matope ya maelfu ya miaka yamelala juu ya matope machanga, unajua mkondo umeyabeba kutoka kwingine. Kazi yako ilikuwa kujua yametoka wapi.

Adoch aliyaonea wivu matope hayo, wivu wa mke mwenza hasa. "Umri wa tope anaujua, siku yangu ya kuzaliwa haijui!" Ulipoleta vichupa vyako vya matope nyumbani ulikataza sigiri jikoni, eti vumbi la mkaa likiingia matope yataonekana machanga. Akapikia nje kwenye mvua, akisonya. Nawe ukatoka kumshikia mwavuli, ukidokoa mchuzi ambao haujaiva. Hilo halitaji mbele za watu, lakini tumemwona amesimama pale pale nje, analia.

Wiki iliyopita akapiga simu Vera, uliyekuwa ukifanya naye kazi kwenye meli ya utafiti. Aliomba kwa adabu jina lake liwemo katika tangazo hili.

"Banange, jamani! Aandikwe kama nani?" Adoch akafoka. "Wiki nzima nzima yuko naye baharini, mimi niko na sigiri. Asubuhi zangu amezichukua yeye. Sasa anataka na msiba wangu?"

"Shemeji, ni mwenzake wa kazi tu," akasema kaka yako, Afande Okwera.

"Hata tope lilikuwa la kazi tu, Afande."

Mama yako Atoo akamgusa bega. "Mwanangu, yule naye amefiwa."

Adoch akaendelea kuchambua maharage. Tulidhani ugomvi umeisha.

"Haya, mwandikeni. Lakini juu kabisa."

Tukatazamana. Nafasi ya heshima ampe Vera?

"Odyek alinifundisha mwenyewe," akasema. "Cha juu ndicho kilichofika mwisho. Mimi niwekeni chini."

Mama akacheka. "Na mimi niliyemzaa nikae juu yako?"

"Mama, leo tu niachie."

Afande hakuacha uchokozi. "Na Vera akisema mkondo unaweza kuleta matope mazee yakalala juu?"

"Mwambie nyumba hii haina mkondo. Mimi sijasogea."

Basi tumeandika kama alivyotaka. Wanaokukumbuka ni:

Vera, mwenzako wa melini.
Watoto wako, Adong na Ongom.
Kaka yako, Afande Okwera.
Mama yako, Atoo.

Hatutakusahau, Odyek, siku zote tutakazojaliwa.

Na chini kabisa, mkeo, Adoch.