Skana Ambayo Bado Sijanunua

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Msalimie sana shemeji, na binti yako, bibi harusi wetu, pia, ingawa sasa ana kwake na salamu zangu zitamfikia kwa kuzunguka. Mimi sijambo, mwili hauna neno. Najua utashangaa kupata barua wakati tunazungumza kila Jumamosi, lakini yapo mambo ambayo kwenye simu ningeanza kuyacheka, halafu ningeyageuza. Karatasi hainipi nafasi hiyo.

Nyumba ni ile ile. Tangu tumzike mama natumia chumba kimoja na jiko. Chumba chako nimekifunga, nakifungua siku za kufagia tu. Kazini bado nakata vioo vya miwani. Mashine inanguruma kutwa, na mtu wa kuongea naye ni tajiri peke yake, ambaye maongezi yake yote ni namba za macho ya wateja. Nikirudi nyumbani nawasha redio kabla hata sijavua viatu. Upweke umenizoea mpaka hauniogopi. Sikuelezi haya unionee huruma, nakueleza ili uelewe yanayofuata. Mwaka wote kabla hujaniomba zile picha, ulinipigia simu mara mbili. Tangu uniombe, hujakosa Jumamosi hata moja.

Basi nianze na picha zenyewe. Uliponiambia kwamba binti yako hajawahi kumwona bibi yake akiwa kijana, na kwamba slaidi za baba zihamishiwe kwenye kompyuta kabla ukungu haujazila, nililishusha sanduku kutoka juu ya kabati siku hiyo hiyo. Nilifuta vumbi, nikazihesabu. Ni vipande mia tatu na kumi na viwili vya filamu, kila kimoja ndani ya fremu yake ya karatasi ngumu, udogo wake kama kiberiti.

Utakumbuka nilivyokuchosha na habari za skana, mashine za kuhamishia picha. Nilikueleza kuhusu ile bapa, inayotoa picha safi lakini inapokea slaidi nne nne na kuzisoma polepole mpaka chai inapoa. Nikakueleza kuhusu ile ya wapiga picha wenyewe, ambayo ukitajiwa bei inabidi utafute kiti kwanza. Halafu kile kisanduku cha bei nafuu: unasukuma slaidi ubavuni, baada ya sekunde chache picha inatokea kwenye kioo chake kidogo, rangi zimepauka kiasi lakini sura zinatambulika. Wewe ukasema nichukue kisanduku, yaishe. Nikakujibu kwamba cha rahisi ni ghali, ngoja kwanza nimuulize fundi kamera wa jirani na kazini, yule ninayemwita Lenzi. Jumamosi iliyofuata nikakuambia Lenzi amesafiri. Iliyofuata, visanduku vimekwisha dukani. Baada ya hapo nikawa nasubiri mzigo mpya. Ukanitania kwamba watu wanachumbia na kuoa mimi bado nachagua mashine, tukacheka mpaka ukapaliwa. Simu ilipokatika nilibaki jikoni nimeishika, na ile furaha ilinitosha mpaka Jumatatu.

Dada, njia ya mwongo ni fupi, nami nimefika mwisho wake. Kisanduku nilikinunua wiki ile ile ya kwanza. Lenzi hakusafiri popote, na mzigo mpya haukuwepo. Kazi yote niliimaliza kwa siku tisa.

Ingekuwa siku nne kama si ujinga wangu. Kila fremu baba aliitia kitone chekundu pembeni. Unamjua mwalimu yule na kalamu yake nyekundu, alikuwa anasahihisha hata orodha ya mama ya sokoni. Nikadhani zenye kitone ni zile alizozifelisha, nikawa naziweka kando nitafute zilizofaulu. Nilipofika ya hamsini bila kupata hata moja, nikaona hapana, mzee hakuwa mkali kiasi hicho. Nikazipitisha zote bila kuangalia upande, mama akatokea amevaa saa mkono wa kulia na kibao cha shule kikasomeka kinyumenyume. Nilimpelekea Lenzi, akanicheka kweupe. Akanieleza kwamba kitone ni cha kumwongoza mtu asiigeuze slaidi anapoitia kwenye projekta. Nikarudia kazi upya.

Sasa la harusi. Pale mlangoni ulipanga picha za wazee, na katikati ukaweka fremu tupu. Kila aliyeuliza ulimwambia kwamba hiyo ni ya mama, mdogo wako anaishughulikia. Uliniona nikitoka nje, ukamwambia shemeji kwamba joto limenishinda. Picha ya mama ilikuwa kwenye droo yangu, safi, wiki ya kumi na moja hiyo. Niliogopa. Nilijiambia kwamba ukishazipata utanishukuru sana, halafu Jumamosi itakuwa siku kama nyingine. Nilimnyima binti yako bibi yake siku ya harusi yake ili mimi nipate simu. Hakuna kisingizio, na naomba unisamehe. Kwake nitakwenda kuomba radhi mwenyewe.

Kuna jingine. Katika slaidi zote mimi simo. Kamera iliingia maji miezi michache kabla sijazaliwa, na baba hakununua nyingine. Mlishaishi, mlishacheka, mlishapigwa picha, ndipo nikaja mimi, akaniita Nukta kwa sababu sentensi yake ilikuwa imekwisha. Kwa siku tisa nilitazama maisha yenu kama mtu aliyefika kwenye karamu akakuta viti vinaondolewa. Ukitaka kujua kilichoniumiza zaidi, ni hicho.

Mpaka nilipofika slaidi ya mwisho. Mama amesimama mlangoni mwa jiko, tumbo limetangulia. Wewe una sare ya shule, mkoba bado uko mgongoni. Umebandika sikio kwenye tumbo lake, umefumba macho, na kidole umekiinua kumnyamazisha baba na kamera yake, asikuvurugie unachosikiliza.

Ndani ya bahasha kuna flashi ya kompyuta yenye picha zote. Hiyo ya mwisho nimekuwekea na slaidi yenyewe. Ishike ukiielekeza dirishani, kitone kiwe chini kushoto, utajiona.

Kwa hiyo habari za skana zimekwisha, na Jumamosi hutakuwa na la kuniuliza. Nitakuwa jikoni saa zile zile. Ukipiga, hata ukinyamaza tu kwenye simu, nitajua unafanya nini.

Wasalimie wote hapo, na goti ulipake dawa.

Ni mimi mdogo wako,
Nukta