Mche Usioshika

Kengeja, Pemba
Tarehe 12, Mfungo Pili

Kwa dada yangu mpenzi Mwanawema,

Assalaam alaykum. Namwomba Mola barua hii ikukute mzima huko Tanga, wewe, shemeji na wajukuu. Goti lako je? Limekubali kukunjika, au bado unasali kitini kama mkuu wa wilaya? Sisi hatujambo. Mimi nazidi tumbo tu. Wenzangu wanasema naimeza ruzuku nzima nzima. Najua utashangaa kuona barua na simu ipo. Kwenye simu ungeniuliza swali, nami ningesingizia chaji imeniishia.

Ruzuku yenyewe ndiyo habari. Serikali imeanzisha mpango wa kung'oa mikarafuu mikongwe na migonjwa, tupande mipya. Kwa kuwa mche hauzai mpaka ipite miaka, mkulima anasaidiwa fedha za kuvukia. Fungu la kwanza tulipata miti ilipong'olewa, nalo limeezeka upya nyumba ya mama yetu, Bi Mkubwa. La pili litatoka bwana shamba akishaona kila shimo lina mche uliosimama. Shimo moja likiwa tupu, shamba zima linasubiri.

Bwana shamba wetu anaitwa Fahmi, mtu wa Gombani, viatu vyake havipendi matope. Alikuja na sheha, na kopo la rangi nyekundu, kutia alama miti ya kuondoka. Alipofika kwenye mkarafuu wa marehemu ndugu yetu Ridha akasita, akasema mti huu mbona mzima. Nikamwambia unaumwa kwa ndani, na miaka thelathini hauchumwi. Hilo neno la pili lilikuwa kweli. Unajua mwenyewe, tangu Ridha aanguke pale, Bi Mkubwa alikataza mtu asiuparamie. Karafuu zake zikipukutika zenyewe, naye kila Ijumaa akitandika jamvi chini yake na kumsomea mwanawe Yasini. Yeye nilimwambia serikali imeamuru. Dada, serikali haikuamuru kitu. Ni mimi.

Sasa miche yote imeshika, ila wa shimo lile. Nimeupanda mara tatu. Majani yanageuka meusi kama yaliyobabuliwa, na wa jirani, hatua kumi tu, unastawi. Mke wangu Asya ananicheka, eti mkono wangu umezoea kushika kijiko. Nami nikacheka naye, mpaka Ijumaa iliyopita.

Asubuhi hiyo Bi Mkubwa, ambaye siku hizi haoni vizuri, alirudi kutoka kwenye shimo lile, jamvi kwapani. Hakuacha kwenda hata baada ya mti kuondoka. Akafungua pindo la kanga, akanimiminia mkononi karafuu mbichi, makonyo, vile vijiti vyake, yana umande. Masika haya, dada, Kengeja nzima huoni karafuu mtini! Nikamtania nani kamuhonga. Akasema kwa upole kuwa kapewa na Ridha, na Ridha kasema niambiwe leo ni zamu yangu.

Nikakaa kizingitini.

Wewe ulikuwa umeshaolewa Tanga, hukuyaona. Mimi na Ridha tulikuwa na zamu: huyu leo apande, yule atandike jamvi na kuokota, kesho tubadilishane. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha, matawi yanateleza, na zamu ilikuwa yangu. Nikajisingizia homa. Ridha alinigusa kipaji, akanicheka, akasema homa gani hii baridi, kisha akapanda. Mazikoni nilisema alipanda kwa kupenda kwake, na nimesema hivyo hadi leo. Habari ya zamu hakuijua mtu ila sisi wawili. Nilimtaka Fahmi auondoe ule mti ili nisipite tena chini yake.

Fahmi anarudi baada ya Idi Kubwa. Fungu la pili wakilizuia na walizuie. Ninachokuomba uje kabla, ukae ubavuni kwa Bi Mkubwa, nimwambie. Peke yangu siwezi. Nimeshajaribu, nikaishia kumuuliza kama chai ina sukari.

Asya anakusalimu sana, na Bi Mkubwa anauliza kila siku unakuja lini. Nibusie wajukuu.

Nduguyo uliyemlea,
Hafidh

Karafuu zile nimezianika kwenye ungo. Leo siku ya sita, na jua limepiga vizuri. Bado mbichi.