Nilimkana aliyenifundisha kazi, sasa doctorat inataka barua yake

Mpendwa Maman Priscille, naomba unisaidie haraka maana zimebaki siku tisa, na naomba unisome mpaka mwisho kabla ya kunihukumu, kwa sababu ulimi wako naujua, mama yangu hakosi kukusoma gazetini kila Ijumaa.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na nane, nakaa Kasha, nina shahada ya licence ya fizikia na ninasaidia kufundisha katika chuo kikuu kimoja hapa Bukavu, na tangu utotoni nina hamu moja tu, kufanya doctorat juu ya matetemeko ya ardhi ya huku kwetu, kwa hiyo mwaka huu niliomba nafasi katika chuo kimoja cha Ulaya ambako kuna profesa mwanamke anayechunguza mambo hayohayo, nikajaza fomu zao zote, nikatuma mémoire yangu nzima, ile kazi ya utafiti niliyoandika kumaliza licence, na kwa kuwa walidai barua tatu za watu wanaonifahamu, zile tunazoita recommandation, nilihangaika miezi miwili nikapata barua nzito kweli, moja ya Honorable wetu, mbunge, moja ya mchungaji wangu, na moja ya tonton Thierry ambaye ni mkurugenzi katika shirika kubwa, zote zina sahihi na muhuri, ile ya Honorable ina mihuri miwili.

Wiki iliyopita profesa alinijibu. Anasema nafasi ni moja na tumebaki watu wawili, anasema barua zangu tatu zinamwambia kwamba mimi ni mtu mwema lakini hakuna hata moja inayomwambia ninaweza kufanya nini, jambo lililoniuma sana maana hawa bazungu naona wanawadharau wakubwa wetu, halafu anasema kilichomfanya atoe faili langu katika rundo ni ukurasa wa arobaini na sita wa mémoire, pale nilipoandika kwamba niligundua saa ya mashine moja ya kupima matetemeko ilikuwa inakosea kwa sekunde nne, na kwamba bila kusahihisha hilo matetemeko yote yangeonekana yametokea mahali pasipo penyewe, kwa hiyo anataka mtu aliyeifuata kazi hiyo kwa karibu amwandikie yeye mwenyewe, awe na cheo chochote, kabla ya tarehe kumi na tano.

Maman Priscille, mtu huyo ni mmoja tu. Profesa aliyepaswa kunisimamia alihamia Kinshasa kabla sijaanza hesabu na kazi yangu aliisoma ikiwa imekwisha, mtu aliyekuwa na mimi ni Papa Gérard, fundi wa mashine kwenye kituo cha utafiti kule Lwiro, nje ya mji, muzee mwenye diploma ya sekondari tu, ambaye kwa miaka miwili alinifundisha kufungua mashine, kuikausha ikiingiwa na unyevu, kubadilisha betri na kusoma ile mistari inayochorwa na mashine, na kusema kweli siku ile ya saa nilikuwa nalia kwa sababu hesabu hazikubali, yeye akachukua kahier yake anamoandika kila siku anayogusa mashine, akaangalia muda ambao tetemeko moja lilifika kwenye kituo chetu cha upande wa Katana, jirani na lilipoanzia, na muda lilipofika kwenye kituo cha mbali zaidi, akacheka, akaniambia, "Maman, tetemeko haiwezi kupita ku jirani bila kubisha hodi, iende kwanza kusalimia ule wa mbali. Angalia saa. Saa njo inatudanganya." Na ilikuwa kweli.

Katika mémoire niliandika "nimegundua". Siku ya kuitetea mbele ya majaji Papa Gérard aliteremka kutoka Lwiro, amevaa koti lake la misa, na kahier ameifunga katika mfuko wa plastiki, kumbe aliileta ili majaji wakinibana juu ya ile saa awe na kitu cha kuwaonyesha, lakini mimi nilikuwa na wageni wa heshima, watu wa tonton Thierry, na mwenzangu Joviale akaniuliza, "Ule muzee mwenye mufuko, iko nani?" na mimi, sijui shetani gani aliniingia, nikajibu, "Aah, ni planton tu wa kule Lwiro, alileta mafaili." Alikuwa nyuma yangu, hatua mbili. Alikaa mpaka mwisho, akapiga makofi, na wakati nasoma shukrani zangu nilianza na Honorable ambaye hata hakufika, jina la Papa Gérard halikuwemo, na watu walipoanza kunywa soda na kula sambusa nilimtafuta sikumwona. Imepita miaka miwili, sijarudi Lwiro.

Sasa mchumba wangu Cédric ananiambia, "Muzee hana hata mail. Tunamufungulia moja, tunaandika sisi wenyewe, tunatuma. Bale bazungu batajua namna gani?" Mimi naogopa, lakini naogopa zaidi kwenda kwa Papa Gérard, kwa sababu akiandika mwenyewe atasema ile saa aliigundua yeye, na hapo nitabaki na nini, mimi niliyekaa tu miezi saba nikirudia hesabu za matetemeko mia nne na kumi na mawili, moja baada ya jingine, kila umeme ukirudi? Nifuate shauri la Cédric, ama niandike barua nzuri mwenyewe nimpelekee muzee atie sahihi tu kama watu wote wanavyofanya hapa? Nisaidie, usiku silali.

Aurore, Kasha

*

Aurore,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na njiani sikukuhukumu. Sasa nimefika.

Tuanze na mihuri yako. Umeiomba dunia ya sayansi ikupokee, halafu ukaipelekea Honorable. Honorable anajua nini juu ya matetemeko, zaidi ya kukimbilia nje na taulo kiunoni kama sisi wote nyumba ikitikisika? Barua yake sijaiona lakini naweza kuisoma kutoka hapa nilipokaa: binti mwenye tabia njema, kutoka familia inayoheshimika. Mchungaji ameandika kwamba unaimba vizuri katika kwaya. Tonton ameandika kwamba alikubeba ukiwa mtoto mchanga. Hongera, kwa barua hizo unaweza kuolewa kesho asubuhi. Kupima tetemeko ni kazi nyingine.

Na usinieleze habari za bazungu kudharau wakubwa wetu. Mama wa watu amekuuliza swali moja la kawaida, nani alikuona ukifanya kazi, na wewe umemjibu kwa orodha ya watu waliokuona ukisalimia. Najua, hukuuanza wewe ugonjwa huu. Mji wetu mzima unaugua. Hapa mtu akileta karatasi tunatazama kwanza rangi ya wino wa muhuri, ndipo tunauliza inasema nini, na mara nyingi hata hatuulizi. Lakini wewe umesoma fizikia, Aurore! Nilidhani kule mnafundishwa kutazama kitu chenyewe.

Sasa lile neno. Baba yangu alikuwa planton, tarishi, katika ofisi moja ya serikali miaka thelathini na moja. Alibeba mafaili ya wakubwa juu na chini ya ngazi, na halikupotea hata moja mikononi mwake, yalikuwa yanapotea yakishafika kwa wenye viti. Kwa hiyo umeniudhi mara mbili. Umemwibia muzee wa watu kazi yake ukaiweka katika ukurasa wa arobaini na sita, halafu ukatafuta cheo unachokiona kidogo kuliko vyote ili umfiche ndani yake. Na yeye alikuja na nini siku hiyo? Kahier. Alivaa koti la misa, akateremka na kahier yake katika plastiki, ili wakikubana akutetee. Katika chumba kizima chenye watu wa heshima, ni nani mwingine alikuja kukutetea? Wengine walikuja kula sambusa.

Wewe unasema shetani alikuingia. Mwache shetani apumzike, ana kazi nyingi Bukavu. Ulimwona Papa Gérard, ukaona na wale wageni, ukachagua.

Cédric wako simwelewi, au labda namwelewa sana. Anataka kufungua mail kwa jina la mtu aliye hai, anayepumua kule Lwiro, na amwandikie profesa maneno ambayo mtu huyo hakuyasema. Kwa Kiswahili hiyo inaitwa wizi, hata mtu akiifanya amevaa badge ya shirika shingoni. Na mtu anayeona wepesi kumtungia muzee sauti leo, baada ya harusi atakutungia na wewe. Litafakari hilo baadaye, leo siku zako tisa zinakwisha.

Na hii ya kuandika mwenyewe halafu muzee atie sahihi, "kama watu wote wanavyofanya"? Ungeandika nini? Kwamba Papa Gérard anashuhudia jinsi ulivyomfundisha kusoma saa? Ungempa na kalamu ya kutilia sahihi, au angelazimika kuja na yake?

Ngoja. Kuna mstari mmoja katika barua yako ulionisimamisha, na nimekasirika zaidi kwa sababu wewe mwenyewe umeupita mbio. Umesema ulikaa "tu" miezi saba ukirudia hesabu za matetemeko mia nne na kumi na mawili, moja moja, kila umeme ukirudi. Tu? Mimi hesabu zilinishinda shuleni kwa masista, sijui kitu, lakini najua maana ya kuanza upya kazi uliyodhani umeimaliza, katika mji ambao umeme huja kama mgeni asiyependa kukaa. Wengi wangeifuta ile mashine yenye saa mbovu katika daftari na kuendelea na maisha. Wewe ulikaa. Hiyo ni kazi yako, binti, hakuna aliyekufanyia. Umeiona ndogo kwa sababu haina neno "nimegundua" mbele yake.

Na ni nani aliyekuona ukiifanya? Honorable? Kuna mtu mmoja tu duniani anayeweza kumwambia yule profesa kwamba Aurore ni mtu wa kurudia hesabu mara mia nne na kumi na mbili bila kudanganya hata moja. Ndiye uliyempa jina la planton. Unaogopa ushahidi wake kwa ajili ya kitu ambacho si chako, na papo hapo unajinyima ushahidi wake juu ya kitu ambacho ni chako. Pole sana. Nasema pole kwa moyo, na bado nimekasirika.

Sasa sikiliza, na usinijadili.

Leo, kabla gazeti hili halijafungia maandazi, mwandikie profesa. Usimsimulie maisha yako. Mwambie kwamba kosa la saa liligunduliwa na bwana Gérard, fundi wa Lwiro, kwamba ukurasa wako wa arobaini na sita ulipaswa kusema hivyo na haukusema, na kwamba wewe ulirudia hesabu zote. Muulize kama atakubali barua ya mkono iliyopigwa picha, yenye namba ya simu ya muzee ili ampigie mwenyewe. Fanya hivyo kabla ya kwenda Lwiro, usiende kule kufanya biashara ya kusema ukweli kwa kubadilishana na barua. Katika chuo chako pia, mahali mémoire yako inapohifadhiwa, peleka karatasi ya kusahihisha yenye jina lake. Huko ndiko utaona haya zaidi, kwa sababu Joviale ataisoma. Aisome.

Unaweza kuikosa nafasi. Sikufichi. Yule mwenzako mliyebaki naye wawili labda hakumwibia mtu yeyote saa. Profesa anaweza kufunga faili lako siku hiyohiyo na atakuwa na haki.

Jumamosi panda gari, kutoka Kasha, iliyo upande huohuo wa mji, huna hata sababu ya kulalamika juu ya umbali. Cédric abaki nyumbani. Mama yako pia abaki, usimpeleke akulilie. Ukimkuta Papa Gérard, mwambie lile neno ulilolisema kwa Joviale, lilitamke hivyohivyo lilivyo, ingawa alilisikia, hasa kwa sababu alilisikia, halafu umwombe radhi na unyamaze. Akikuuliza kilichokuleta baada ya miaka miwili, mwambie ukweli. Akikubali kuandika, mwachie karatasi na uondoke, aandike kwa Kifaransa chake, wewe usiguse hata nukta.

Ombi la profesa libaki ndani ya mfuko mpaka muzee aulize. Na akikufukuza kabla hujalitoa, usilitoe. Rudi nyumbani. Utakuwa umekosa Ulaya, lakini angalau utakuwa umekwenda Lwiro mara moja kwa ajili yake.

Maman Priscille