Mahali pa Ngumbao

Mjukuu wangu Kadzo,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Hapa Kakuyuni tuko wazima, mihogo imekubali na mbuzi wamezaa.

Umeuliza kama bendi yenu ivunjike, maana mpiga ngoma wenu amefariki. Pole, mwanangu. Baba yako naye alimzika Ngumbao, mpiga ngoma wa bendi yao ya roki. Na gitaa la baba yako, nisiseme mengi, Malindi nzima nani alimfikia? Lakini matangani, ambako sisi huomboleza kwa kucheza, yeye na wenzake waliinama tu.

Mamake Ngumbao akawaambia, "Mnamwonea haya nani? Pigeni hiyo kelele yenu."

"Bila Ngumbao haipigiki, mama."

"Basi nionyesheni alikuwa akiingia wapi."

Wakapiga. Kila walipofika mahali pake, baba yako alinyamazisha gitaa, akamtazama mama huyo. Mwishowe mama wa watu akachukua kayamba, akapajaza mwenyewe, na uwanja mzima ukainuka kucheza.

Laiti ningalimsikia Ngumbao akiwa hai. Alikula wali wangu miaka mingi, na kila aliponialika nilisema nina kazi.

Pigeni, Kadzo. Safari hii nitakuja, nikae mbele.

Mimi hawe wako,
nyanya mwenye mwana fundi wa gitaa