Mama Mkwe Ameapa Hatoki Mpaka Nimshinde

Shangazi Kalunde, salamu nyingi, na unijibu haraka kabla mvua haijanyesha, maana nyumbani kwangu hapa Salama kuna jambo ambalo hata mchungaji nimeona haya kumuuliza. Mimi ni fundi wa baiskeli, nimemuoa Nzilani wa Kathonzweni, na mwezi wa tano mama yake, ambaye jina lake unajua siwezi kuliandika, alianguka akavunjika mguu, tukamleta akae kwetu mpaka plasta itoke, najua mila haipendi mama mkwe alale kwa mkwewe lakini mguu uliovunjika haujui mila, na mimi nilijiheshimu, simwangalii usoni, sili naye meza moja, nikitaka kumsalimia namtuma Nzilani.

Sasa shemeji yangu Kasyoka, aliyesoma Ujerumani, akamletea mama yake mchezo ndani ya sanduku ili asichoke kukaa, kuna ubao wenye ramani, falme mbili, kadi, wachawi, joka la plastiki na ngome zenye lango la kufungua na kufunga, ukiteka ngome ya mwenzako umeshinda. Nzilani alicheza wiki moja akachoka, akasema cheza wewe, nikakaa upande wa pili macho kwa joka tu, na nakwambia Shangazi, yule mama ana akili ya jenerali, alinichapa kila siku mpaka wateja wakajua! Lakini kuna siku nilipata nafasi ya kuingia ngome yake nikarudisha joka nyuma, kwa sababu mkwe atavunjaje nyumba ya mama mkwe, hata kama ni ya plastiki? Akaniona. Akamwambia Nzilani, mbele ya mchungaji aliyekuja kumwombea, "Huyu ananichezea kama mtoto. Mungu ananisikia, sitoki hapa mpaka anishinde."

Plasta ilitoka mwezi wa nane. Sasa ni Oktoba na bado yuko, anatembea kunishinda, kila asubuhi anasimama mlangoni akiangalia mawingu ya upande wa kwao, anamuuliza Nzilani kama watu wameanza kupanda, kisha anaitisha sanduku. Na nadhani uzee umeanza kumshika, maana anasahau kufunga lango, wiki hii mara tatu, na Alhamisi hata mchawi anayelilinda alimtoa akampeleka baharini bila kazi yoyote, akakohoa, nami kwa heshima nikajifanya sijaona, nikapeleka joka langu msituni kula ng'ombe. Akatupa kadi zake chini, akaenda kulala saa tisa mchana. Nzilani haniongeleshi.

Shangazi, nimemkosea nini? Nikimshinda nimemvunjia heshima, nisipomshinda hatoki, na si kwamba namfukuza, hata nyumba itapoa akienda, lakini nimechoka kuwa katikati.

Mugo, Salama

Mugo, mume wa Nzilani,

Pole. Pole ya kwanza ni ya mguu wa mama, ya pili ni ya Nzilani, na yako itafuata kama itabaki.

Eti uzee! Mama aliyekuchapa mpaka wateja wakajua, leo asahau lango mara tatu kwa wiki moja? Amekufungulia, ameondoa mlinzi, amekohoa. Ulitaka apige filimbi? Aliapa mbele ya mchungaji, na mama wa Kathonzweni akishaapa hawezi kurudi kukwambia, "Nilikuwa na hasira tu." Anakuomba umtoe kwa njia pekee iliyobaki, na wewe unalisha joka.

Na pale mlangoni anaangalia nini? Shamba lake. Huku kwetu mvua ya Novemba ndiyo chakula, na wenzake wameshapanda mbaazi na kunde kwenye vumbi wakingoja tone la kwanza. Hiyo heshima yako ndiyo itamlaza njaa mwakani, bwana. Haya ya mkwe iliwekwa ili mama asiaibike. Sasa kuna aibu gani kuliko mwanamke mwenye jembe lake kukaa kwa mkwe akila ugali wa bure, na mguu umepona?

Halafu umeandika kwamba nyumba itapoa. Nimeliona hilo, ulidhani nitaliruka? Miaka yote ulikuwa unamtumia salamu kama mtu aliye Mombasa, joka likawakalisha pamoja, na sasa hutaki liishe. Ni jambo zuri, Mugo. Lakini usilifiche nyuma ya mila.

Leo ukisoma haya, funga karakana. Keti, usimwangalie usoni kama ndivyo ulivyolelewa, ila macho yako yawe kwenye lango. Ingiza joka. Teka ngome yote, na usiombe msamaha. Akikusema vibaya kidogo, hiyo ni shukrani. Kesho yake mpeleke Kathonzweni wewe mwenyewe, ushike jembe mpande pamoja, na sanduku umwachie. Baada ya palizi rudi mcheze tena.

Siku hiyo lango lako ulifunge vizuri. Hatakohoa.