Kunguru wa Babu

Dada Morwenna mpendwa,

Nimeiba kitu cha Amu Denzil, nimekificha chini ya kitanda chako cha zamani, na hakuna mwingine anayejua. Sasa nikusalimu: hujambo wewe na mtoto? Sisi hatujambo, ila Babu bado hajainuka kitandani.

Unaijua imani yake: kunguru wakihama miti ya nyuma ya zizi, shamba nalo litatutoka. Tangu nimalize shule, kila asubuhi huniuliza kama wapo. Mwezi huu wakaanza kupungua. Amu akamwambia, "Mzee, kunguru wako wa uso mweupe wameshahama. Hawa waliobaki ni kunguru wa kawaida, uso mweusi tii. Tuuze, upumzike." Babu akageukia ukutani, akasema basi, mnunuzi aitwe.

Sikubisha, wanijua. Nilichukua darubini ya Babu nikajilaza nyasini. Kweli nyuso zilikuwa nyeusi. Lakini manyoya ya mapajani yalining'inia kama kaptula iliyolegea, nao waliwafuata wakubwa wachache, wenye uso mtupu mweupe kama mfupa, wakiwaomba chakula. Ni makinda ya mwaka huu, dada! Uso wao haujanyonyoka bado. Na Amu amekulia chini ya miti ile, atakosaje kujua?

Tangu hapo nikawa namchunguza yeye. Kila jioni wakati wa chai husikika mlipuko, eti jirani anafukuza ndege kwenye shayiri yake. Sote hushtuka, hata mbwa. Amu huwa ameshaweka kikombe chini kabla haujasikika.

Juzi alipoingia kunawa mikono, nilikimbilia mitini. Kwenye tawi ilining'inia kamba yenye fataki, moto unaitafuna polepole kuzielekea. Nikaichovya kwenye maji ya ng'ombe, nikaisukuma chini ya kitanda chako, nikarudi mezani. Amu akaweka kikombe chini. Mlipuko haukuja. Akatazama saa, kisha mimi. "We bubu, unacheka nini?" Nikamjibu chai imekolea.

Leo alfajiri kelele za kunguru zilijaa dirishani kwa Babu. Ameomba mayai mawili, na kusema mnunuzi asikanyage hapa.

Amu sasa anakagua matope ya viatu vyangu mlangoni. Nisalimie shemeji, umbusu mtoto. Barua hii ichome, na usimwambie mtu, hata Mama. Babu akijua kuwa aliyewafukuza ni mwanawe, kunguru wote wa Cornwall hawatamwinua tena.

Mdogo wako,
Tamsin