Ripoti Yenye Kuuliza Imegombanisha Tonton na Tantine

Mpendwa Maman Sagesse, nakuandikia kwa heshima zote, unisaidie kabla sijapoteza kazi na mahali pa kulala kwa siku moja, maana mimi ninakaa kwa Tonton Placide, mudogo wa baba yangu, na muke wake Tantine Anne-Marie, na hao wawili ndio wenye shirika dogo hapa Bukavu linalogawa mbegu kwa wakulima, na mimi ndiye ninayeshika base de données, yaani majina ya wakulima wote na mbegu ambayo kila mutu anangojea, kwa hiyo nikikosana na biro nimekosana na nyumba.

Mwanzoni ripoti ilikuwa moja, ndefu, watu wa Mumosho, Luvungi na Shabunda wote wamechanganyika, na Tantine ambaye hana uvumilivu wa kushuka kurasa akaniomba nifanye ripoti iulize kwanza: unataka wakulima wa wapi, na mbegu gani? Nikafanya. Ukifungua ripoti kinatokea kidirisha chenye maswali mawili, unachagua, unabonyeza OK, unapata wale tu unaowataka. Siku ile Tantine alinipikia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na kusema masomo yangu hayakupotea bure.

Lakini Tonton hapendi kuulizwa. Kitu chochote kikimutokea kwenye kompyuta anabonyeza OK bila kusoma. Basi siku ya kupanga lori, asubuhi Tantine alifungua ripoti, akachagua Mumosho, akachagua mahindi, akachapisha karatasi yake akaenda, na kidirisha kikabaki na majibu yake. Tonton akaketi kwenye kompyuta ile ile, akabonyeza OK kama kawaida, ikamuletea watu wa Mumosho peke yao, naye akaamini ndio wote. Akamuita dereva wetu Hervé, akamuambia apakie mahindi yote apeleke Mumosho.

Kumbe Luvungi watu walikuwa wamekusanyika tangu asubuhi mbele ya kanisa, mashamba yamelimwa, mvua imeshaanza. Papa Élie, anayewasimamia kule, akapiga simu akauliza kwa upole lori limefika wapi. Tonton akafungua ripoti tena, OK tena, akamujibu kwamba majina yao hayako.

Sasa Maman, Tantine alizaliwa Mumosho. Unaona tunapoelekea. Aliporudi, Tonton akamuambia mbele ya biro nzima: «Anne-Marie, umefuta batu ba Luvungi juu ya ndugu zako bakule mahindi yote?»

Tantine aliweka kibeti chake chini polepole. Akasema: «Placide, ndio vile unanijua?» Kisha akatoka, na hakuna aliyethubutu kumufuata.

Nilijaribu kueleza, hakuna aliyesikia. Hervé alipigiwa simu akageuza lori njiani, Luvungi wakapata mahindi yao wakiwa wamechelewa, na wengine walikuwa wameshapanda punje za kula badala ya mbegu. Tonton sasa anasema niondoe maswali yote, ripoti si polisi ya kumuhoji. Tantine anasema hapana, maswali yawe ya lazima, ripoti ikatae kufunguka mupaka Tonton asome na achague kama watu wengine. Nikifuata mumoja, nimemusaliti mwingine. Na nyumbani tunakula bugali kwenye meza moja, Tantine ananiambia, Élodie, ambia Tonton yako chumvi iko karibu naye, na Tonton anajibu, Élodie, ambia Tantine yako nimeiona. Nimechoka, Maman. Nimefikia kutafuta kazi hata kule Shabunda.

Ni mimi,
Élodie, Bukavu

MAMAN SAGESSE ANAJIBU

Élodie mwanangu, pole. Majina nimeyabadilisha yote, kwa sababu wewe uliyamwaga kama mutu asiye na jirani.

Shabunda hutaenda. Kule pia kuna wakubwa wawili katika biro moja.

Sasa nikugombeze kidogo. Ripoti ni ya watu wawili, lakini ulimusikiliza mumoja, na sambaza zikakutosha. Tonton ulimuuliza lini? Unajua tangu zamani kwamba anabonyeza OK bila kusoma, na bado ukamuwekea mutego pale pale kidole kinapoangukia.

Nilimuuliza rafiki yangu Chris, anayefanya kazi kama yako. Alicheka kwanza, kisha akasema wote wawili wanakosea. Swali lisiondolewe, wala lisiwe la lazima. Liwe la hiari. Mutu akichagua Luvungi, apate Luvungi; akiacha nafasi tupu, apate watu wote. Kwa hiyo usiiambie kompyuta tu kwamba eneo lifanane na jibu. Ongeza: au jibu liwe tupu. Fanya hivyo kwa kila swali peke yake, ili mutu aweze kutaja mahindi na kuacha eneo. Kidirisha kifunguke kitupu kila mara, jibu la asubuhi lisilale humo. Na juu ya ukurasa, kwa herufi nene, ripoti ijitaje yenyewe: «Wakulima wa maeneo yote», au «Mumosho peke yake». Kisha ijaribu mwenyewe, ukijibu na usipojibu, kabla ya kumupa mutu.

Leo, si kesho, piga simu kwa Papa Élie umueleze ukweli. Wale watu waliambiwa hawako, na walikuwa wamesimama pale.

Kazi ya kupitisha chumvi uiache. Akikutuma, muambie kwa adabu: «Tantine, Tonton iko hapa, anasikia.»

Halafu waite wote wawili kwenye kompyuta, mbele ya wale wale waliosikia shutuma. Muache Tonton abonyeze OK kama kawaida yake, Luvungi itokee. Hapo sema wazi kwamba kidirisha kilishika majibu ya asubuhi, na kwamba Tantine hakufuta mutu hata mumoja. Ukishasema, chukua kibeti chako utoke. Usimuandalie Tonton maneno ya kuomba musamaha. Ya kumushitaki muke wake aliyapata bila musaada wako.